Kikwembe ku Ukuta: Nyumba Yetu ya Kampala

Wenzetu wameandika katika vijitabu vya namna hii juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha na juu ya kusimikwa kwa mwami. Ni vizuri. Sisi tunaomba kurasa chache juu ya jambo ambalo pengine litaonekana dogo: vitambaa vya nyumbani. Nape ya meza, napero za viti, rido la mlango, shuka ya kitanda yenye maua ya broderi. Mtu atauliza: je, hiyo nayo ni mila? Tunajibu kwamba mila si kile tu wazee wanachofanya siku ya karamu. Ni pia kile ambacho mama anakifanya kwanza anapofika katika nchi ya watu, hata kabla ya kununua sufuria ya pili. Tuliyaona hayo kwa macho yetu Kampala, kati ya mwaka 1999 na mwaka 2003.

Kwetu Bukavu, nyumba isiyo na kitambaa ilikuwa kama mtu asiyesalimia. Mgeni akiingia, macho yake yanakwenda kwanza ku kiti. Kama kiti kina napero nyeupe, iliyofuliwa na kupigwa pasi, anajua kwamba alikuwa anangojewa. Msichana aliyekuwa anakwenda kuolewa alijaza sanduku lake na kazi za mkono wake mwenyewe: foronya zenye maneno ya Kifaransa ya kumtakia mtu usingizi mwema, nape zenye ndege wawili wanaotazamana, na vitambaa vya kroshe ambavyo vilitiwa wanga ili visimame kama sahani. Kazi hizo mama zetu walizijifunza kwa masista, na bibi zetu walizijifunza katika foyer sociaux za wakati wa Wabelgiji, kabla ya uhuru wa 1960.

Kwa hiyo kuna wasomi wanaosema kwamba napero si yetu, ni ya wazungu. Tunawaelewa, lakini wanasimama katikati ya njia. Kitambaa hakijawahi kukaa mahali kilipozaliwa. Tuchukue merikani tu, ile pamba nyeupe isiyo na rangi ambayo kila fundi wa kushona anaijua. Jina lake linasema wazi ilikotoka. Katika karne ya 19 ilifumwa Massachusetts, ikapanda meli za Salem mpaka Zanzibar, na kutoka pwani ikabebwa ku mabega ya wapagazi kupitia Tabora na Ujiji mpaka Maniema. Ilipimwa kwa mkono, kwa shuka na kwa doti, na doti moja ilikuwa karibu yadi nne. Ilikuwa nguo, tena ilikuwa feza. Chakula, kodi ya njia, mshahara wa mpagazi, vyote vililipwa kwa merikani. Je, baada ya miaka zaidi ya mia na hamsini, bado tutasema si yetu? Na wax nayo? Vlisco ilianza kazi Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, ikiiga batiki ya Java. Leo mama wa Bukavu akivaa wax, hakuna anayemwuliza habari za Java.

Tuje sasa Kampala.

Tulifika tukiwa watu watano, wazazi na sisi watoto watatu, na masanduku mawili makubwa. Tulipata chumba kimoja upande wa Katwe, ile namna ya nyumba za kupanga ambazo Waganda wanaziita mizigo: vyumba vimepangwa kwa mstari, kila mlango familia moja. Chetu kilikuwa cha mita tatu kwa tatu na nusu. Ukuta ulikuwa wa rangi ya udongo mpaka nusu, juu chokaa. Humo tulilala, tulipokea wageni, tulisoma, na siku za mvua tulipika mlangoni na mbabula ikiwa nusu ndani nusu nje. Mwenye nyumba alikuwa ametoa sheria zake siku ya kwanza: hakuna kupiga misumari, hakuna kupaka rangi.

Sheria hiyo ilimfurahisha baba. Yeye alikuwa na sheria yake mwenyewe, ngumu kuliko ya mwenye nyumba. Alikataza kununua chochote ambacho hakiliwi. Alisema mbele yetu wote:

«Sisi tuko bantu ba kupita. Mutu mwenye kupita hapambi nyumba. Ukiweka rido, kesho utaweka kabati, na kesho kutwa utasahau njia.»

Tusimcheke. Alikuwa ameacha nyumba ya matofali aliyoijenga kwa miaka tisa. Kwake yeye, chumba kile kikiendelea kuwa kibaya, ilikuwa namna ya kuweka ahadi kwamba tutarudi. Tumekutana baadaye na wanaume wengi wa kwetu wenye fikira hiyo hiyo, wengine walikaa miaka kumi juu ya godoro lililo chini, ukuta mtupu, kwa sababu «tunarudi mwezi ujao».

Mama hakubishana naye. Alisema tu: «Sawa, baba Jean. Sitapiga musumari. Nitafunga waya.»

Alifunga waya wa chuma kutoka vyuma vya dirisha mpaka boriti iliyo juu ya mlango. Kwanza alijaribu kamba ya katani, lakini kamba inalegea katikati baada ya siku tatu na rido linafanya tumbo. Kisha akafungua sanduku na kutoa kikwembe kizima cha Sotexki ya Kisangani, cha rangi ya kahawia na manjano, ambacho alikuwa hajakikata tangu apewe siku ya ndoa ya dada yake. Kikwembe kizima ni yadi sita, karibu mita tano na nusu, na upana wake ulikuwa kama mita moja na sentimita 15. Alikata vipande viwili vya mita mbili na kumi. Vikiunganishwa vinatoa upana wa mita mbili na 30, na chumba kilitaka mita tatu. Basi katikati akatia kipande cha merikani chenye upana wa sentimita 90, kilichonunuliwa ku soko la Owino. Ukitoa upindo na mishono, kilibaki kilichotosha. Halikuwa na mikunjo ya kifalme, lilining'inia wima kama ukuta. Ndiyo kazi yake ilikuwa hiyo, kuwa ukuta: upande wa nyuma kitanda cha wazazi, upande wa mbele saloni. Watu watano katika chumba kimoja wanahitaji mahali ambapo mama anaweza kubadili nguo bila kuwatoa watoto nje kwenye mvua. Heshima hiyo tuliipata kwa kitambaa, hatukuipata kwa matofali.

Kipande kilichobaki kilikuwa cha mita moja na sentimita 30. Hapo ndipo tulipojifunza hesabu bora kuliko ile ya shule. Mto wa kiti ukiwa na sentimita 40 kila upande, unakata 43 ili upate nafasi ya mshono. Katika upana wa sentimita 115 inaingia miwili, katika urefu wa 130 inaingia mitatu. Nyuso sita za mito, kutoka kipande ambacho mtu mwingine angekifanya kitambaa cha kufutia meza. Migongo ya mito ilikuwa merikani. Ndani tulijaza mabaki ya nguo ambayo mafundi wa cherehani walikuwa wanayatupa jioni, tukiyakatakata vidogo, kwani ukiyatia makubwa mto unafanya mafundo. Utepe uliobaki pembeni, wa sentimita 29, ukawa pindo la nape.

Na meza? Meza hatukuwa nayo. Mama aliweka masanduku yale mawili moja juu ya jingine, yakiwa bado yamejaa nguo zetu za safari, akatandika juu yake nape ya merikani. Ilishuka mpaka chini, huwezi kujua kuna nini ndani. Baba alipoingia jioni alitazama muda mrefu, akainua pindo la nape, akaona masanduku yamefungwa vizuri na tayari. Hakusema kitu. Alikaa, akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

Merikani mpya ni nyeupe ya kuchosha, tena inaonyesha vumbi upesi, na vumbi la Katwe ni jekundu. Mama aliichovya katika chai nzito, iliyochemshwa na chumvi kidogo, akaiacha usiku mzima. Ilitoka na rangi ya maziwa yenye chai. Rangi hiyo inapungua kila ukifua, unairudisha tena kwa chai ileile rahisi. Uzi wa kroshe haukununuliwa. Katika balo za nguo kuukuu zilizotoka Ulaya kulikuwa na pulova zilizochanika ambazo hakuna aliyezitaka. Tulizifumua jioni, mtoto mmoja akivuta, mwingine akizungushia uzi ku mgongo wa kiti cha jirani, kisha tukauosha na kuutundika na jiwe ili unyooke. Kaka yetu mkubwa alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya wasichana. Mama akamjibu kwamba Kasai wanaume ndio wanaofuma rafia, wanawake wanatarizi juu yake, na velur za Wakuba zilizotoka humo zimetembea dunia nzima. Alikuwa na haki. Matisse, mchoraji wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1954, alikuwa amekusanya vitambaa vya Wakuba na kuvitundika ku kuta zake. Kumbe kitambaa cha Kongo kilishapamba nyumba ya ugenini kabla yetu sisi hatujaijua njia ya Kampala.

Jirani wa mlango wa tatu alikuwa Mganda, mama wa mapacha, basi kila mtu alimwita Nalongo. Yeye hakuzoea napero. Kwao mgeni anatandikiwa mkeka, na mkeka wao una rangi na michoro ambayo hata sisi tulitamani. Siku moja mama aliona ku soko kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kile ambacho Waganda wanakiita lubugo, chenye rangi ya kutu nzuri sana, akasema kingefaa juu ya meza. Nalongo alimshika mkono. Akamweleza polepole, Kiswahili chake kidogo na Kiganda kingi, kwamba hicho kinavaliwa katika shughuli za heshima za Buganda na ndicho wanachowafungia wafu wao. Mama akakirudisha mahali pake. Lakini tangu siku hiyo wakawa wanafundishana: Nalongo alimwonyesha kusuka mkeka, mama alimwonyesha kroshe. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya lubugo kuwa urithi wa wanadamu wote, na sisi tulikuwa tayari tumerudi. Tulimkumbuka Nalongo siku hiyo.

Tumekwisha kusema kwamba kitambaa kinamsalimia mgeni. Lakini kinasema pia mambo mengine. Mwezi wa tatu mwaka 2001 habari ilitufikia kwamba bibi, mama wa baba, amefariki kijijini, na alikwisha kuzikwa wiki mbili zilizopita. Hakukuwa na njia ya kwenda. Hakukuwa na maiti ya kulilia, wala kaburi, wala mti wa kukaa chini yake na ndugu. Mama alifanya kile tu ambacho kwetu kinafanywa. Alitoa napero zote. Alitoa mito. Alikunja nape, masanduku yakabaki uchi. Mwisho alishusha rido, akakunja, akaweka chini ya kitanda. Chumba kikawa vile kilivyokuwa siku ya kwanza, saruji na chokaa. Tulikaa chini ku mkeka.

Wakongomani wa mtaa walipofika mlangoni hawakuuliza kitu. Waliona ukuta, wakavua viatu, wakaingia kwa kulia. Hata Nalongo, ambaye hakuijua desturi hiyo, alisimama mlangoni, akatazama waya mtupu uliokata chumba, akapiga magoti. Kama tusingekuwa na kitu ku ukuta, tungeondoa nini? Matanga yangefanana na siku nyingine zote.

Baada ya siku nane watu walitawanyika. Jioni hiyo baba aliingia chini ya kitanda mwenyewe, akatoa rido, akalipeleka nje kulikung'uta. Akapanda juu ya sanduku na kulipitisha ku waya, pete baada ya pete. Alilipachika kinyume, upande wa mishono ukiwa mbele. Mama alitaka kuinuka, kisha akakaa. Lilibaki kinyume wiki nzima. Baba hakurudia tena neno lake la watu wa kupita.

Tunaandika haya pia kwa sababu ya vijana wetu walio mbali zaidi. Mdogo wetu wa kike yuko sasa Marekani, Ohio, na anasema kule nyumba za kupanga zote ni rangi moja, na ukitoboa ukuta wanakukata katika amana uliyoweka siku ya kuingia. Tunacheka, ni mwenye nyumba wa Katwe yuleyule. Yeye anatumia fimbo ya chuma yenye springi ndani, inayojibana yenyewe kati ya kuta mbili bila msumari. Anatafuta shuka kuukuu za pamba katika maduka ya vitu vilivyotumiwa, maana shuka moja ya kitanda kikubwa ni kitambaa kingi kuliko mita unazokatiwa dukani kwa feza ileile. Watoto wake, ambao hawajaona Kivu, wanajua kwamba dada za mama wakija, mito inabadilishwa.

Maoni yetu tutayasema bila kuficha. Hatupendi sana zile nyumba za ndugu zetu wa Ulaya ambazo zimejaa vinyago vilivyotengenezwa kwa watalii. Mtu ambaye kwao Bukavu hakukuwa na kinyago hata kimoja anakwenda kununua kumi ili mzungu akiingia ajue huyu ni Mwafrika. Nyumba inapambwa kwa ajili ya nani? Na wale wa hapa nyumbani wanaonunua seti nzima ya saloni iliyotoka Dubai, na maua ya plastiki, na viti ambavyo havitolewi nailoni miaka mitano, nao hawatushawishi. Lakini hayo ni mambo ya ladha, na ladha haina mahakama.

Jambo la lazima zaidi ni hili: yule anayenunua kikwembe kwa ajili ya rido au mito ajihadhari na rangi. Vipo vingi leo vinavyoitwa wax ambavyo ni poliesta iliyochapwa upande mmoja. Chukua kitambaa cheupe chenye maji, sugua kona moja. Kikiacha rangi, kitaharibu merikani yako mara ya kwanza kufua. Geuza pia upande wa nyuma. Wax ya kweli ina rangi pande zote mbili. Loweka kwanza kabla ya kukata, kwani pamba inarudi nyuma, na rido lililokuwa linafika chini litakuwa sketi fupi. Na poliesta usiitundike karibu na mbabula, inashika moto na kuyeyuka ku ngozi.

Tulirudi Bukavu mwaka 2003, serikali ya mpito ilipoanza. Kila kitu tulichopamba nacho kiliingia katika sanduku moja. Viti tuliviacha kwa Nalongo, pamoja na waya. Mwezi wa sita mwaka 2004 askari walipoingia mjini na nyumba nyingi kuporwa, yetu nayo ilipitiwa: redio, godoro, sahani, hata mlango wa jikoni. Rido walilitupa chini na kulikanyaga. Hakuna aliyeona lina bei. Mama alilifua mara tatu.

Baadaye lilikatwa. Kipande kimoja kilifunika meza yetu ya kusomea wakati tuko ISP. Kingine kiko Ohio. Kile cha katikati, merikani, kimechovywa katika chai mara nyingi mpaka kimekuwa laini kama nguo ya mtoto mchanga, nacho kimebaki kwa mama.

Katika shule tunakofundisha kuna seksio ya coupe et couture, na wanafunzi wake wanashona vizuri: kola, mifuko, zipu. Hakuna anayewafundisha nape. Tuliuliza siku moja darasani nani anajua kroshe; walioinua mikono walikuwa watatu, na mmoja alikuwa mvulana.

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipofika tena Bukavu, watu wengi walivuka mto Rusizi kwenda Burundi. Usiku wa kabla ya kuondoka, binti wa jirani alikuja kwa mama, na mtoto mgongoni, akamwuliza achukue nini, maana begi lilikuwa moja tu. Mama alifikiri kidogo.

«Chukua kikwembe kimoja kizima, usikikate bado. Shindano tatu, na uzi mweupe. Waya utapata kule.»